Shingo Iliyoumia Katika Ajali ya Gari: Tiba Yake na Haki ya Bima

Leo hatuzungumzi juu ya malaria wala kuhara. Tunazungumza juu ya shingo na mgongo vilivyoumia katika ajali ya gari. Tutaona namna ya kuvitibu, na namna ya kudai fidia kwa bima ya gari lililokuumiza. Watu wengi hudhani kuwa mambo hayo mawili ni mbali mbali: la kwanza ni la mganga, la pili ni la mwanasheria. Sivyo. Karatasi za matibabu ndizo zinazothibitisha madai.

Mimi ni mganga wa zahanati katika kijiji kimoja cha pwani ya Mtwara, upande wa kuelekea mahali Mto Ruvuma unapoingia baharini. Zahanati yetu haina mashine ya eksirei. Ina mimi, muuguzi mmoja na daftari la wagonjwa. Somo hili linatokana na kosa nililolifanya katika daftari hilo.

Mama mmoja, mchuuzi wa pweza na samaki wakavu, alipanda Hiace kwenda sokoni Mtwara mjini. Njiani lori lilikuja kwa nyuma likaigonga Hiace ile. Haikupinduka. Hakuna aliyekufa wala aliyetoka damu nyingi. Abiria walitikiswa, wakashuka, wakamshukuru Mungu. Mama yule alikung'uta mchanga akaokota pweza wake. Shingo haikumwuma hata kidogo.

Mwenye lori alikuwapo. Aliwaambia abiria, "Jamani, tusipelekane polisi. Tumalizane hapa hapa kiungwana." Akampa kila mmoja shilingi elfu ishirini, na kila mmoja akatia sahihi katika karatasi. Mama yule anajua kusoma. Alijifunza ukubwani, katika darasa la kisomo. Lakini karatasi ile hakuisoma. Jua lilikuwa kali, watu wanasukumana, na pweza hawangoji.

Asubuhi ya pili yake aliamka shingo imekakamaa. Akaja zahanati. Nilimpa vidonge vya paracetamol nikamwambia apumzike. Katika daftari niliandika maneno matatu tu: "maumivu ya shingo". Sikumwuliza yalianzaje, naye hakusema. Ilikuwa siku ya chanjo, watoto wamejaa hadi uani. Hiyo si sababu ya kutosha, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Dawa haikumfaa sana. Nduguze wakampeleka kwa fundi mmoja anayesifika kwa kuchua na kunyoosha viungo. Fundi alimchua kwa mafuta ya nazi, na hilo halikuwa baya. Kisha akamshika kichwa kwa mikono miwili akakizungusha ghafla, ili mfupa urudi mahali pake. Shingo ililia ko! Mama akasikia kitu kama moto kikishuka katika mkono wa kushoto hadi kwenye vidole.

Siku ya tisa tangu ajali alirudi kwangu, ameshikilia kidevu kwa mkono.

"Mwanangu," alisema, "mkono huu haushiki tena kisu cha kupasulia samaki."

"Pole, mama. Ulianguka wapi?"

"Sikuanguka. Tuligongwa na lori."

Ndipo nilipojua. Tulimlaza chali juu ya ubao mpana, tukaweka khanga zilizokunjwa huku na huku mwa kichwa chake, tukatafuta gari la kumpeleka hospitali mjini. Picha ya eksirei ilionyesha ufa katika mfupa mmoja wa shingo. Alivishwa kola ngumu, yaani mkanda mpana unaoizuia shingo isigeuke, akakaa nayo wiki nyingi. Baadaye alifundishwa mazoezi. Mkono umepata nguvu tena, lakini vidole viwili bado vina ganzi.

SHINGO HUUMIAJE BILA JERAHA

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano hivi. Uzito huo umekaa juu ya pingili saba ndogo za shingo. Pingili ni vile vifupa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama pingili za muwa. Vimeshikwa na nyama na kano. Katikati yake pana tundu, na ndani ya tundu hilo imepita kamba ya fahamu inayotoka kwenye ubongo. Kamba hiyo ndiyo inayopeleka amri kwenye mikono na miguu, na ndiyo inayorudisha habari za maumivu, joto na baridi.

Gari likigongwa kwa nyuma, kiti humsukuma abiria mbele kwa ghafla. Kiwiliwili hutangulia na kichwa hubaki nyuma, halafu kichwa nacho hurushwa mbele. Mwendo huo huvuta nyama na kano za shingo kupita kiasi. Nje huoni kitu: hakuna damu wala uvimbe mkubwa. Tena, mtu aliyetoka kwenye ajali huwa na hofu, na hofu hufunika maumivu kwa muda. Ndiyo maana maumivu mengi ya shingo huanza baada ya saa kadhaa, au kesho yake, au hata siku ya pili.

Katika watu wengi zilizoumia ni nyama na kano tu, nao hupona. Katika wachache pingili imepasuka au imehama. Hao ndio walio hatarini, kwa sababu pingili iliyovunjika ikisogezwa inaweza kuibana au kuikata kamba ya fahamu. Kamba hiyo ikikatika, haiungwi. Mtu aliyefika kwa miguu yake anaweza kulala maisha yake yote.

KATIKA ENEO LA AJALI

Ajali inapotokea sisi wanavijiji huwa wepesi wa huruma. Tunakimbia, tunamshika majeruhi makwapani na miguuni, tunambeba kama gunia la korosho. Mara nyingine tunampakia kwenye bodaboda mshikaki: dereva mbele, majeruhi katikati, mtu wa kumshikilia nyuma. Kichwa kinaning'inia njia nzima. Huruma hiyo imewadhuru watu.

Kama gari haliwaki moto na hakuna hatari nyingine karibu, usimvute majeruhi haraka. Mwambie asigeuze shingo. Mtu mmoja akae nyuma ya kichwa chake, akishike kwa mikono miwili kisiyumbe, kikae katika mstari mmoja na mwili. Wengine watafute kitu kigumu na kipana: ubao au mlango uliong'olewa. Kitanda cha kamba hakifai, kwa kuwa hubonyea katikati. Mgeuzeni wote kwa pamoja, kama gogo, kichwa na mwili kwa mara moja, kisha muusukume ubao chini yake. Kama anatapika, mgeuzeni ubavu kwa namna hiyo hiyo ili asipaliwe. Akiwa hapumui vizuri au anatoka damu nyingi, hayo yashughulikiwe kwanza.

Pigeni simu polisi. Namba ya dharura ni 112.

Majeruhi mwenye dalili zifuatazo apelekwe hospitali, si zahanati tu: maumivu makali katikati ya mfupa wa shingo au mgongo, ganzi au udhaifu wa mkono au mguu, kushindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, au kushindwa kukojoa, kichwa kuuma sana pamoja na kutapika, kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida, au kupumua kwa shida. Mzee aliyegongwa apelekwe hata kama anasema haumwi sana, kwa kuwa mifupa ya wazee huvunjika upesi. Dalili hizi zikijitokeza baada ya siku tatu au wiki moja, ni zile zile, na uzito wake ni ule ule.

Sisi wa Mtwara tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Walio upande wa Masasi wana hospitali ya misheni ya Ndanda. Majeruhi wa uti wa mgongo wanaohitaji upasuaji mkubwa hupelekwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, ambayo watu wengi huiita MOI.

TIBA YA SHINGO ISIYOVUNJIKA

Mganga akikupima akaona hakuna mfupa uliovunjika, kazi kubwa inayobaki ni yako mwenyewe. Zamani wagonjwa wa namna hii walifungwa kola na kuambiwa walale. Siku hizi imejulikana kuwa kulala sana huchelewesha kupona. Shingo yataka kutembezwa polepole.

Kaa wima kwenye kigoda. Geuka kuangalia kulia hadi mahali pa maumivu madogo, usipite hapo. Rudi katikati. Geuka kushoto. Inamisha kidevu kifuani, kisha inua polepole. Fanya mara tano hivi kila upande, na urudie mara kadhaa kwa siku. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto ya kuvumilika na kukamuliwa husaidia kulegeza nyama. Mtu mzima anaweza kumeza paracetamol za miligramu 500, vidonge viwili kwa mara moja, akapisha saa sita kabla ya kumeza tena. Asizidishe vidonge vinane kwa siku nzima. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza.

Jambo gumu kwa akina mama ni ndoo. Usibebe ndoo ya maji, kuni wala tenga la samaki kichwani mpaka shingo igeuke bila maumivu. Najua kuwa kisima kiko mbali. Lakini baba na vijana wa nyumba wana vichwa pia, na baiskeli ipo.

Wengi hupata nafuu katika wiki chache. Wengine huchukua miezi miwili au mitatu, na wachache huumwa zaidi ya hapo. Maumivu yasipopungua, uliza hospitali ya rufaa kitengo cha fiziotherapia. Hao ni wataalamu wa kutibu viungo kwa mazoezi na mikono, na wengi wetu hatuwatumii kwa sababu hatujui kuwa wapo.

JE, KUNYOOSHWA NI KUBAYA?

Swali hili huulizwa sana, na sitaki kuwatukana mafundi wetu. Kuchua kwa mafuta kwa mkono mwepesi hulegeza nyama iliyokaza na humpa mgonjwa faraja. Tena serikali inayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza linalowasajili waganga wa tiba hizo. Hatari ni kuizungusha kwa ghafla shingo ambayo haijapimwa.

Kazi ya kunyoosha uti wa mgongo ipo hata Ulaya na Marekani. Mwaka 1895 mtu aitwaye Daniel David Palmer aliianzisha kwa jina la kairopraktiki katika mji wa Davenport, Marekani. Leo katika nchi kama Marekani na Kanada husomewa miaka mingi chuoni, na watu wengi walioumia katika ajali za magari huenda kutibiwa hivyo. Huku Afrika ya Mashariki wataalamu hao ni wachache, nao wako katika miji mikubwa kama Nairobi na Dar es Salaam. Lakini hata wao wana masharti. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya mafunzo na usalama wa kazi hiyo. Mfupa uliovunjika ni miongoni mwa mambo yanayokataza kunyoosha kwa nguvu.

Nasema hivyo kwa sababu vijana siku hizi huona katika simu mtu akizungushwa shingo, ikalia ko, naye akaamka anacheka. Kisha humfanyia hivyo rafiki yake kibarazani. Katika simu huonyeshwi eksirei aliyopigwa kwanza, wala yule aliyetoka bila kucheka. Kwa hiyo baada ya ajali, hospitali iwe ya kwanza. Fundi wa kuchua aje baadaye, kama mganga amekubali, naye asizungushe wala kuvuta.

BIMA YA GARI NI YA NANI

Sasa tuje kwenye fidia. Kwanza tutofautishe bima mbili. Bima ya afya ni ile unayochangia wewe ili utibiwe ukiugua. Kama unayo kadi, nenda nayo hospitali. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Bima ya gari ni nyingine. Hiyo hulipiwa na mwenye gari, nayo ndiyo inayohusika na fidia ya aliyegongwa.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ni ya tangu wakati wa mkoloni, mwaka 1945, nayo bado inatumika. Inakataza chombo cha moto kutembea barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Bodaboda na bajaji vimo. Mtu wa kwanza ni mwenye gari. Wa pili ni kampuni ya bima. Mtu wa tatu ni wewe uliyeumizwa. Watu wa mjini huiita "bima ndogo", kwa kuwa hailitengenezi gari la mwenye bima. "Bima kubwa" hutengeneza na gari lake pia. Lakini kwako wewe uliyelala kitandani, hiyo ndogo ndiyo yenye maana.

Unaweza kudai gharama za matibabu na nauli za kwenda hospitali, mapato uliyoyapoteza kwa kushindwa kufanya kazi, na fidia ya maumivu na ulemavu uliobaki. Lazima ionekane kuwa dereva wa gari lile alikosea. Kama wewe mwenyewe ulikosea, mathalani uliingia barabarani umelewa, fidia hupungua au hukosekana.

Bima hii humhusu mwenda kwa miguu, mwenye baiskeli, aliyekuwa katika gari lililogongwa, na abiria aliyelipa nauli katika gari la abiria. Lakini sikilizeni vizuri, hasa wakati huu wa korosho unapokaribia. Sheria hailazimishi bima ya gari la mizigo iwalinde watu waliopanda juu ya magunia. Mtu akilipa nauli kwa utingo wa lori na lori likapinduka, kampuni inaweza kusema kuwa gari lile halikukatiwa bima ya kubeba abiria. Aliyeajiriwa katika lori hilo ana njia nyingine: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Aliyepewa lifti hana Mfuko huo.

KARATASI

Ukipata ajali, hata kama huumwi, andika mambo haya siku ile ile. Kama umeumia, mwambie mwanao aandike:

Tarehe na saa ya ajali.
Mahali ilipotokea.
Namba za magari yote mawili.
Majina na simu za madereva na mashahidi wawili.
Kituo cha polisi kilichoandikisha ajali.

Namba ya gari ndiyo ufunguo. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, iitwayo TIRA, ina mfumo wa kompyuta ambamo mtu akiingiza namba ya gari huona kama lina bima na ni ya kampuni gani. Kijana mwenye simu ya intaneti anaweza kukufanyia hivyo kwa dakika chache.

Kisha polisi. Huko hutolewa fomu namba 3, ambayo wote huiita PF3. Fomu hii hailipiwi. Polisi huandika sehemu yake, mganga huandika majeraha aliyoyakuta, kisha fomu hurudi polisi. Kama majeruhi yu mahututi apelekwe hospitali moja kwa moja, na ndugu mwingine aende polisi. Usimweke mtu anayekufa kwenye benchi la kituo kwa ajili ya karatasi.

Kwa mganga sema wazi, "Niligongwa na gari tarehe fulani." Mtazame anapoandika. Sasa unajua kusoma, kwa hiyo soma alichoandika. Kama neno "ajali" halimo, mwombe aliandike. Mganga mwema hatachukia. Tunza kila risiti ya dawa, ya eksirei na ya nauli katika mfuko wa nailoni, mahali mchwa na mvua havifiki. Nakili pia mauzo yako ya kawaida, kama unafanya biashara. Mvuvi au mchuuzi asiye na kumbukumbu huambiwa kuwa hakuwa na mapato.

Madai hupelekwa kwa kampuni ya bima kwa maandishi, pamoja na PF3, ripoti ya polisi ya ajali na mchoro wake, cheti cha mganga na risiti. Kama dereva alishitakiwa, hukumu ya kesi husaidia sana. Toa nakala ya kila kitu, na ile ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kampuni ikikaa kimya au ikikupa jibu usiloridhika nalo, peleka malalamiko TIRA, ambao wana ofisi ya kanda Mtwara mjini. Ipo pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mwisho ni mahakama. Kesi ya kudai madhara ya namna hii ifunguliwe kabla ya miaka mitatu kwisha tangu ajali. Miaka mitatu yaonekana mingi, lakini hupita upesi.

Jihadhari na vishoka, yaani watu wanaozunguka wodini na vituoni wakisema, "Nipe karatasi zako, nitakufuatilia." Tangu mwaka 2017 iko Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa ambao husaidia bila malipo. Uliza kwa ofisa maendeleo ya jamii.

NENO JUU YA KUMALIZANA

Mwenye gari akikupa fedha za dawa na nauli, si vibaya kuzipokea. Lakini usitie sahihi kwenye karatasi isemayo "sina madai tena" wakati hujui umeumia kiasi gani. Wiki ya kwanza hakuna ajuaye, hata mganga. Iandikwe hivi: "Nimepokea shilingi kadhaa kwa ajili ya matibabu ya mwanzo tu." Akikataa maneno hayo, jua kuwa anachonunua ni madai yako.

Mara nyingi anayesema tusiende polisi ni yule ambaye bima yake imekwisha. Mwingine bima anayo, anaogopa kesi tu. Huyo wa pili anajidhuru. Ameshailipia kampuni ibebe mzigo huo, kisha anatoa fedha mfukoni mwake, tena anavunja sharti la kuitaarifu kampuni mapema.

Mama yule alikwenda polisi baada ya kutoka hospitali. Kwa bahati dereva wa Hiace alikuwa ameandikisha ajali kwa ajili ya gari lake, kwa hiyo jalada lilikuwapo. Kondakta na abiria wawili wakaandika maelezo kuwa mama alikuwamo. Alipewa PF3, ikajazwa kwa kuchelewa. Kampuni ya bima ikauliza mambo mawili. La kwanza ni ile karatasi ya shilingi elfu ishirini. La pili lilinihusu mimi: ikiwa shingo iliumia kwa ajali, mbona daftari la zahanati la siku iliyofuata halitaji ajali?

Niliandika barua nikaeleza kuwa sikumwuliza. Kuandika barua ile kulinichukua usiku mzima, ingawa ilikuwa ya mistari kumi. Mganga mkuu wa wilaya aliisoma akanitazama, hakusema kitu.

Kampuni imekubali kulipa gharama za hospitali na nauli zenye risiti. Fedha za fundi wa kunyoosha imezikataa. Juu ya miezi aliyokaa bila kuuza samaki bado wanabishana, na mama anakwenda na msaidizi wa kisheria kila wanapoitwa. Siku hizi mwanawe ndiye anayepasua pweza. Yeye hukaa pembeni akihesabu fedha na kuandika mauzo ya kila siku katika daftari dogo lenye jalada la buluu.

Katika daftari langu nimepiga mstari wa wima na kuongeza safu moja. Juu yake nimeandika: "Ajali? Tarehe? Namba ya gari?" Kila anayekuja na shingo au mgongo namwuliza.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini shingo ya mama haikumwuma siku ile ya ajali?
2. Katika kijiji chenu, ni kitu gani kigumu na kipana kinachoweza kutumika kumbebea majeruhi? Kiko kwa nani?
3. Mtu aliyepanda juu ya magunia ya korosho na mtu aliyelipa nauli katika Hiace, bima inawatazamaje?
4. Andika katika daftari lako karatasi ya kupokea shilingi elfu ishirini za matibabu ya mwanzo. Msomee jirani yako, naye akuambie kama kuna neno linalofunga madai.